Mteja Ananunua Ruhusa ya Kusahau

Ndugu mwenyekiti, waandaaji wa mkutano huu, na ninyi nyote mlioaga kazini leo kwamba mnakwenda kliniki: habari za asubuhi. Msiwe na wasiwasi, hakuna anayepiga picha.

Nimeombwa nieleze jinsi nilivyoacha kazi ya ofisini nikawa msaidizi wa mtandaoni, yaani mtu anayeendesha kalenda, barua pepe, ankara na safari za wateja ambao hawajawahi kumwona ila kwenye kioo cha kompyuta. Mwandaaji alinisisitiza, "Watie moyo." Nitajitahidi. Ila nimekaa miaka tisa nyuma ya meza moja na sasa nina miaka saba bila meza ya mtu, kwa hiyo moyo nitakaowatia utakuwa umechanganywa na hesabu.

Nianze na ile meza. Barua yangu ya ajira iliniita ofisa utawala. Kazi yenyewe ilikuwa kuratibu shughuli za mkurugenzi: vikao vyake, safari zake, barua zake, watu aliowaahidi na watu aliowakwepa. Alikuwa akipita mlangoni huku anatembea, ananiuliza, "Hivi na wale tulikubaliana nini?" Nami nilijua "wale" ni akina nani, tulikubaliana nini, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyechelewesha. Nilidhani hiyo ni sehemu ndogo ya kazi. Kazi kubwa, nilidhani, ni kuchapa, kupanga mafaili na kupokea simu.

Kisha nikaenda likizo ya wiki mbili. Niliporudi nikakuta vikao viwili vimegongana, mgeni mmoja amepokelewa na mlinzi, na mkataba wa kukodi mashine ya kunakili umejihuisha wenyewe kwa mwaka mzima, kwa sababu hakuna aliyekumbuka tarehe ya mwisho ya kuusitisha. Mashine ilikuwa mbovu. Barua zilikuwa zimechapwa vizuri tu. Kijana aliyenishikia nafasi alichapa haraka kuliko mimi. Kilichokosekana ofisini kwa wiki mbili kilikuwa kumbukumbu.

Hapo ndipo nilipojua ninauza nini. Mkurugenzi wangu alikuwa akinunua ruhusa ya kusahau. Akishanikabidhi jambo, anaruhusiwa kulitoa kichwani mwake, alale, aamke, afikirie mambo mengine, na jambo lile litakuwa hai mahali fulani. Naomba neno hili mlishike, maana karibu kila kosa nililolifanya baadaye lilitokana na kulisahau. Ndiyo, nimesikia nilichosema.

Basi nikajiuliza: kama bidhaa iko kichwani mwangu, meza ni ya nini? Swali hilo si langu wala si la enzi hizi. Mwaka 1973 mhandisi Mmarekani Jack Nilles, aliyetokea kwenye kazi za anga, alianza kupigia debe wazo la kupeleka kazi kwa mtu badala ya kumpeleka mtu kazini, akalitungia jina, telecommuting. Wakati huo hoja kubwa ilikuwa foleni za magari na bei ya mafuta. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaja mtandao wa Elance, wa kuwakutanisha wateja na watu wa kujitegemea, mwaka 2003 ukaja oDesk, hiyo miwili ikaungana na tangu 2015 inaitwa Upwork. Fiverr ilianza 2010. Kwa hiyo shangazi akikwambia hii ni michezo ya vijana wa siku hizi, mwambie kwa adabu kwamba michezo hii ina watu wanaokaribia kustaafu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Nilikuwa najua kwamba mimi ninamkumbukia mkurugenzi. Sikujua kwamba ofisi nayo ilikuwa inanikumbukia mimi. Kodi yangu ilikatwa na kupelekwa kabla sijaiona. Mchango wa uzeeni ulipelekwa. Bima ya afya ililipwa. Kompyuta ikizima, kulikuwa na kijana wa ghorofa ya chini anayeitwa aje. Likizo yangu mtu aliihesabu. Hata taa ikiungua, asubuhi unaikuta inawaka na hujui nani kapanda ngazi. Siku unayokabidhi kitambulisho cha kazi, mambo yote hayo yanakufuata nyumbani, yanakaa sebuleni, yanakutazama. Kuanzia siku hiyo unakuwa mkurugenzi na ofisa utawala kwa wakati mmoja, na mkurugenzi huyu hana uwezo wa kumlipa ofisa wake.

Tufanye hesabu, wenye simu zitoeni, leo ni halali. Wiki ya kazi ya saa 40, mara wiki 52, ni saa 2,080 kwa mwaka. Mwajiriwa wa kudumu analipwa zote: za likizo, za sikukuu, za kuumwa, za kikao kilichoahirishwa mkiwa mmeshakaa. Mtu wa kujitegemea halipwi hivyo. Toa wiki 6 kwa likizo, sikukuu na maradhi, zinabaki 46. Katika kila wiki ya saa 40, saa unazoweza kumwandikia mteja kwenye ankara, kwa uzoefu wangu, ni kama 25 ukiwa umejipanga. Zile 15 zinakwenda kutafuta wateja, kuandika mapendekezo, kufuatilia malipo, kujifunza programu mpya, kuhangaika na modemu. Saa 25 mara wiki 46 ni 1,150.

Tazameni hizo namba mbili, 2,080 na 1,150. Ukitaka kupata pato lile lile ulilokuwa nalo, bei yako ya saa moja lazima iwe karibu mara 1.8 ya ile ya mshahara, na hapo hatujagusa bima, mchango wa uzeeni ambao mwajiri alikuchangia, kompyuta, intaneti, wala makato ya kupokea pesa. Ukiyaweka yote unafika mara mbili, pengine zaidi. Ukipata kazi kupitia Fiverr, wao wanakata asilimia 20: mteja akilipa 100, kwako inafika 80, halafu bado kuna ada ya kuitoa pesa na tofauti ya kubadili fedha.

Je, mimi nilifanyaje? Niligawanya mshahara wangu kwa saa za ofisini, nikapata namba, kisha nikaipunguza kidogo ili niwavutie wateja. Nilijipunguzia mshahara karibu nusu kwa mkono wangu mwenyewe, nikaona ni ujanja. Ilinichukua miezi mitano kugundua kwa nini nafanya kazi mpaka usiku na pesa haitoshi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Yangu ilipotea kukiwa na daftari, kwa kuwa mwenye daftari hakujua kugawanya.

Hesabu ya pili ni ya siku. Umepata mteja tarehe mosi. Unafanya kazi mwezi mzima, tarehe 30 unatuma ankara. Mkataba unasema atalipa ndani ya siku 30. Akilipa kwa wakati, pesa ya jasho la tarehe mosi inafika baada ya siku 60 hivi. Hapo tumedhani mteja alipatikana siku ya kwanza, jambo ambalo halijamtokea mtu yeyote ninayemfahamu. Ndiyo maana nikiulizwa akiba ya kuanzia ni ya miezi mingapi, nasema sita ya matumizi ya nyumbani. Wapo wanaosema mitatu. Wanaosema mitatu mara nyingi wana mwenza mwenye mshahara, ila hawalitaji hilo kwenye hotuba zao.

Siku hizi naomba malipo kabla. Mteja mpya analipia mwezi kabla sijaanza: saa 20 au saa 40, tunakubaliana kwa maandishi kama saa ambazo hazikutumika zinahamia mwezi unaofuata au zinakufa. Kwangu zinahamia mwezi mmoja tu. Mara ya kwanza kuomba hivyo sauti yangu ilitetemeka. Mteja akajibu, "Sawa, nitumie ankara." Nilikaa nikiitazama ile "sawa" kwa muda mrefu, nikiwaza miezi yote niliyoisubiri bure.

Kuhusu kuondoka kwenyewe sitakuwa na maneno mengi. Soma mkataba wako wa ajira kabla hujafungua mdomo: tazama kama unakuruhusu kuwa na shughuli ya pembeni, kama una kifungu cha kutoshindana na mwajiri, na kama kazi unazobuni ukiwa mwajiriwa ni mali yake. Kama shughuli ya pembeni inaruhusiwa, anza na mteja mmoja jioni na mwisho wa wiki, kwa kompyuta yako, kwa intaneti yako. Usiondoke na orodha ya wateja wa ofisi hata kama wewe ndiye uliyeiandaa. Toa notisi kamili. Mimi nilitumia mwezi wangu wa notisi kuandika kila ninachokumbuka, kurasa 43, nikamkabidhi aliyenirithi. Wenzangu walinicheka kwamba nawafanyia kazi watu ninaowaacha. Kurasa zile ndizo zilizonifundisha kuandika mwongozo wa kazi, na leo ni sehemu ya ninachouza.

Mteja wangu wa kwanza alitoka humo humo ofisini. Alikuwa dada wa idara nyingine aliyeacha kazi mwaka mmoja kabla yangu, akafungua biashara ya kutoa mafunzo. Alinitafuta nimpangie kalenda. Wiki ya kwanza nikamwomba aniruhusu nipitie barua pepe za miezi mitatu, ili nijue mazungumzo yalikofikia. Nikakuta mafunzo 11 yaliyokwisha kufanyika na ankara 4 zilizotumwa. Saba hakuzituma. Hakudhulumiwa, hakuibiwa. Alikuwa hodari sana wa kufundisha; akimaliza kufundisha anachoka, anasema nitaandika kesho, kesho ana mafunzo mengine. Nikampigia: "Dada, pesa zako ziko mikononi mwa watu na wao wenyewe hawajui kwamba unazidai." Kimya. Kisha akacheka, kisha nadhani akalia kidogo. Tukatuma zote saba siku ile, na sita zililipwa ndani ya mwezi.

Tangu siku hiyo sijawahi kujitangaza kwamba "nachapa, napanga mafaili, napokea simu." Orodha ya namna hiyo inamwambia mteja akulinganishe na mtu wa bei rahisi kuliko wewe, na mtu huyo hakosekani. Namuuliza mteja swali moja: ni jambo gani linalokuamsha usiku ukidhani umelisahau? Anachojibu ndicho ninachoanza kukiuza.

Sasa makosa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yangu ya kwanza ilikuwa saa. Nilikuwa na mteja mwenzetu kwa lugha, aliyeishi ng'ambo miaka mingi. Akaniandikia, "Panga kikao Alhamisi saa tatu." Mimi, kwa saa zetu za Kiswahili, nikaelewa asubuhi, 9:00. Yeye alikuwa ameshazoea saa za huko. Alimaanisha 3:00 alasiri. Mgeni wake akaingia kwenye simu ya video asubuhi, akakaa dakika ishirini akitazama sura yake mwenyewe. Mteja hakugomba. Aliandika tu, "Nilidhani jambo hili liko mikononi mwako." Afadhali angegomba. Toka hapo naandika 09:00 au 15:00 kwa tarakimu, jina la mji, na tofauti yake na UTC, yaani saa ya dunia ya kulinganishia, hata kwa mtu aliye mtaa wa pili.

Na msidhani tofauti ya saa ni kitu cha kukariri mara moja. New York na London zimetofautiana saa 5 karibu mwaka mzima. Lakini Marekani inasogeza saa zake mbele Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza inasubiri Jumapili ya mwisho ya Machi. Kwa hizo wiki mbili au tatu tofauti ni saa 4. Kisha Uingereza inarudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Marekani Jumapili ya kwanza ya Novemba, na wiki moja tena mambo yanakaa upande. India iko mbele ya UTC kwa saa 5 na nusu, Nepali kwa saa 5 na dakika 45. Wewe unayeishi pasipobadilishwa saa utaona kikao cha kila Jumanne kimehama chenyewe, na utadhani kalenda imeharibika. Mimi kila Machi na kila Oktoba nawatumia wateja ujumbe mfupi wa kuwakumbusha. Ni mistari mitatu. Mteja mmoja aliniambia ndiyo sababu hasa ya yeye kubaki nami.

Jambo la pili ni funguo, na hapa naomba mnivumilie maana ndipo ninapoona wenzangu wakicheza na moto. Msaidizi wa mtandaoni anashika funguo za nyumba ya mtu: barua pepe, benki wakati mwingine, mikataba, pasipoti iliyopigwa picha. Mteja mpya, kwa nia njema, atakutumia nywila yake kwenye ujumbe wa simu. Usiitumie. Mwambie aibadilishe, kisha mfundishe njia nyingine. Gmail ina sehemu ya kumpa mtu idhini ya kusoma na kujibu barua kwa niaba yako bila kumpa nywila, na mtu huyo hawezi kuibadilisha. Kalenda inashirikishwa vivyo hivyo. Kwa mengine zipo programu za kutunza nywila, kama Bitwarden na 1Password, zinazomwezesha mteja kukushirikisha unachohitaji tu na kukuondoa siku mkiachana. Na siku mkiachana, wewe ndiwe wa kumkumbusha akuondoe. Usisubiri aulize.

Mwaka wangu wa pili ilikuja barua pepe kwa jina la mteja wangu: "Niko kikaoni, siwezi kupokea simu. Mzabuni fulani amebadilisha akaunti ya benki, mlipe leo kabla ya saa za benki kwisha." Jina lake, saini yake, hata ile tabia yake ya kuandika kwa herufi ndogo tupu. Nikatazama anwani: herufi moja ilikuwa imeongezwa. Sikulipa. Nilimpigia kwa namba niliyokuwa nayo mimi, siyo iliyoandikwa kwenye barua, na alikuwa amekaa anakunywa maji, hana kikao chochote. Walaghai wanajua kwamba kazi yetu ni kutii haraka. Kwa hiyo kwenye mikataba yangu kuna kifungu: sibadilishi akaunti ya malipo ya mtu yeyote bila kuthibitisha kwa sauti, hata mteja akiwa na haraka. Hasa mteja akiwa na haraka.

Ulaghai unaotulenga sisi wenyewe ni wa aina chache na haubadiliki sana. Mtu anakutaka ulipie mafunzo au vifaa kabla ya kukuajiri. Mtu anakutumia hundi kubwa kuliko mlivyokubaliana, anataka umrudishie chenji, kisha hundi inakataliwa. Mtu anataka pesa zipite kwenye akaunti yako kwenda kwa mwingine. Huyo anakutumia kusafisha pesa, na polisi watakuja kwako. Mtu anakupa "jaribio" la saa kumi bila malipo. Tupite.

Nije kwenye kosa lililonigharimu zaidi. Mwaka wa tatu nilikuwa na mteja mmoja aliyenipa karibu asilimia 70 ya pato langu. Alinipangia saa za kuingia na kutoka. Aliniomba nimtaarifu nikienda kula. Nilijiambia nimefika. Siku moja biashara yake ikanunuliwa, wenye kuinunua walikuwa na watu wao, nikapewa siku 14. Ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nimerudi kuajiriwa, bila bima, bila likizo, bila kiinua mgongo, na hata ile taa nilikuwa naibadilisha mwenyewe. Leo hakuna mteja anayepita theluthi moja ya pato langu. Akitaka kupita, nampa mtu mwingine wa kumsaidia, nami nasimamia.

Mmeandika maswali mapema na wengi wenu mmeuliza kuhusu akili mnemba, kama itatula. Tangu ChatGPT itolewe Novemba 2022 nimepoteza kazi, sitawaficha. Kunukuu mazungumzo yaliyorekodiwa kulikuwa kunanipa kama robo ya saa zangu. Hiyo imekwisha, na haitarudi. Rasimu za barua za kawaida mteja anaziandika mwenyewe kwa mashine. Kilichoongezeka ni kukagua. Mashine inaandika kwa ufasaha kwamba kikao ni Jumatano tarehe 14, na tarehe 14 ni Alhamisi. Inamwandikia mtu aliyefiwa kwa uchangamfu. Haijui kwamba "wale" ni akina nani. Sisemi haitajua kamwe. Nasema leo, mteja wangu akiulizwa nani alihakikisha, anataka kutaja mtu. Ila anayetaka kuingia kazi hii kwa kutegemea kuchapa peke yake, namshauri abaki kwenye meza yake.

Na yupo mwingine ambaye ningemshauri abaki: anayemkimbia bosi. Ukiwa na wateja wanne una mabosi wanne, na hakuna idara ya utumishi ya kuwashitakia. Tofauti ni kwamba unaweza kumwacha mmoja bila kuwaacha wote. Nimewahi kumwacha mmoja aliyekuwa akinipigia simu saa nane za usiku ili aone kama nitapokea. Nilimrudishia pesa za saa zilizobaki, nikamtumia mwongozo wake wote, nikamtakia heri. Kisha nikalala mchana.

Upweke pia upo. Mwaka wa kwanza nilijikuta namsimulia mtu wa kampuni ya intaneti habari za wiki yangu nzima, naye alikuwa amekuja kubadilisha waya. Mwezi wa tano niliugua siku nne. Hakuna aliyenidai cheti cha daktari. Hakuna aliyenilipa pia, na wateja watatu walikuwa wanangoja mambo yaliyo kichwani mwangu tu, kichwa chenye homa. Tangu hapo kila kazi ya kila mteja imeandikwa hatua kwa hatua, na kuna mwenzangu mmoja wa kazi hii hii tuliyekubaliana kushikiana nafasi. Yeye ana miongozo yangu, mimi nina yake, na wateja wanajua na wameridhia kwa maandishi. Watu huniuliza kama siogopi ataniibia wateja. Naogopa zaidi homa.

Mtaniuliza siku yangu inaendaje, na jibu halisisimui. Asubuhi napitia kalenda za wote kabla hawajaamka. Barua pepe nazipanga katika mafungu matatu: nimeijibu, inasubiri mtu, inahitaji uamuzi wako. Kila Ijumaa kila mteja anapata taarifa ya mafungu hayo hayo, isiyozidi ukurasa mmoja, na saa zilizotumika chini yake. Taarifa hiyo ndiyo inayozuia ugomvi wa ankara, na ndiyo inayozuia kazi kutambaa. Mnaijua kazi inayotambaa: "Kwa kuwa uko humo, hebu nitazamie na hiki." Hiki kinazaa kile. Siku hizi najibu, "Kwa furaha, ni kama saa mbili, nitoe kwenye saa za mwezi huu au nikuandikie pembeni?" Nusu ya vile "hiki" hufa pale pale, navyo havikuwa na haja ya kuzaliwa.

Nilikuwa nimepanga kuzungumzia tovuti, nembo na kadi za biashara. Wateja wangu watano wa kwanza hawakuona hata kimoja kati ya hivyo, kwa hiyo naviacha.

Ila jana usiku, nikiandaa maneno haya, nilimtafuta yule mkurugenzi wangu wa zamani kumwomba ruhusa ya kusimulia habari za mashine ya kunakili. Aliniruhusu, akacheka, kisha akaniuliza, "Hivi na wale tulikubaliana nini?" Nikamwambia, mama, ni miaka saba. Akasema, "Najua. Lakini unakumbuka?" Nilikuwa nakumbuka. Nikamwambia, na leo asubuhi nikamtumia bei yangu.

Nina dakika kumi za maswali, lakini hiyo mnayoisikia ikitetemeka mezani ni simu yangu. Ni mteja: ana kikao baada ya robo saa na hadi sasa hana habari nacho. Naomba nitoke mlangoni mara moja nimwambie. Dada wa mstari wa pili, shikilia swali lako, nakuja.